Punguzo la kodi lianzie wapi? Ulinganisho wa njia nne kwa kaya na uchumi wa Nyanda za Juu Kusini

Kila mwaka, kabla ya Bajeti ya Serikali kusomwa bungeni Dodoma mwezi Juni, maombi ya kupunguza kodi hutoka kila upande wa Nyanda za Juu Kusini. Wafanyabiashara wa soko la Mwanjelwa jijini Mbeya wana yao, watumishi wa Iringa mjini wana yao, wakulima wa mpunga wa Mbarali na wa viazi wa Njombe wana yao, na wenye viwanda vya chai na mbao vya Mufindi hawakosi ya kwao. Wote husema jambo moja, kwamba kodi ipunguzwe ili mwananchi apate ahueni na uchumi ukue, ilhali kila mmoja anazungumzia kodi tofauti, ambayo ikipunguzwa humnufaisha mtu tofauti. Makala hii imeandikwa kwa ajili ya diwani, kiongozi wa ushirika, mwakilishi wa chama cha wafanyabiashara au mwananchi yeyote anayetakiwa kutoa maoni na bado hajaamua aunge mkono punguzo lipi.

Njia zinazolinganishwa ni nne: kupunguza kodi ya mishahara ya chini, kupunguza kodi iliyomo katika bei ya bidhaa, kupunguza kodi ya makampuni na ya watu wa kipato cha juu, na kupunguza ushuru wa mazao pamoja na tozo ndogondogo.

Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza ni nafuu inaanzia kwa nani, yaani jina la nani limo katika orodha ya wanaosamehewa. Cha pili ni kama nafuu hiyo inafika, kwa sababu mtu ambaye sheria imemtaja kuwa mlipaji si lazima awe ndiye anayeubeba mzigo. Mnunuzi wa mazao anaweza kulipa ushuru kwa mkono wake na kuurudisha kwa mkulima kwa kumpunguzia bei. Cha tatu ni fedha iliyookolewa inazungukia wapi. Kaya ya kipato kidogo hutumia karibu kila inachokipata, na hukitumia jirani, dukani, shuleni na kwa fundi, wakati kaya yenye uwezo huweka akiba, hununua kiwanja au huagiza kitu kutoka nje. Akiba si jambo baya, kwa kuwa nayo inaweza kuwa mtaji, lakini athari yake huchelewa na haina uhakika wa kuonekana Mbeya au Iringa.

Kigezo cha nne ni pengo: mapato yaliyoachwa yatafidiwa na nani? Hiki ndicho kinachosahaulika mara nyingi zaidi, na kwa maoni yangu ndicho kinachostahili kuulizwa kwanza. Katika Bajeti ya mwaka 2017/18 ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa, jambo lililopokewa kwa furaha na wenye magari, na ili kufidia mapato hayo ushuru wa bidhaa uliongezwa kwa shilingi 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Mpango huo ulikuwa na sababu zake, kwani ukusanyaji ulirahisika na mwenye kuendesha sana akawa analipa zaidi ya mwenye gari lililoegeshwa. Hata hivyo, kaya ya Makete iliyokuwa ikiwasha kibatari haikuwa na gari la kusamehewa ada, na ilianza kuchangia shilingi 40 zaidi kwa kila lita ya mafuta ya taa, huku mkulima wa Ludewa akichangia kupitia nauli na gharama ya kusafirisha gunia. Punguzo lililotazamwa upande mmoja lilikuwa zawadi, na upande wa pili lilikuwa kuhamisha mzigo kutoka bega moja kwenda jingine.

Njia ya kwanza: kodi ya mishahara ya chini

Inaanzia kwa nani. Tanzania Bara, kipato cha ajira kisichozidi shilingi 270,000 kwa mwezi hakikatwi PAYE, yaani kodi ambayo mwajiri huikata moja kwa moja kwenye mshahara. Kima hicho kilipandishwa kutoka 170,000 mwaka 2020, na mwaka 2021 kiwango cha kodi cha ngazi ya chini kikashushwa kutoka asilimia 9 hadi 8. Juu ya hapo kodi hupanda ngazi kwa ngazi mpaka asilimia 30 kwa sehemu ya kipato inayozidi 1,000,000. Namna ya kupunguza ndiyo inayoamua anayefaidika. Tuchukulie kwamba kima kisichotozwa kinapandishwa kwa shilingi 50,000 na ngazi nyingine zinabaki zilivyo: mwenye kipato cha kutozwa kodi cha 300,000 ataokoa 2,400 kwa mwezi, wa 500,000 ataokoa 4,000, na wa milioni 3 ataokoa hiyohiyo 4,000. Tuchukulie badala yake kwamba kiwango cha juu kinashushwa kutoka asilimia 30 hadi 28: wa 300,000 na wa 500,000 hawapati hata senti, wa milioni 3 anapata 40,000, na wa milioni 10 anapata 180,000. Yote mawili yataitwa punguzo la PAYE katika taarifa ya habari, na kwa hiyo msomaji asiridhike na jina.

Inafika? Katika kigezo hiki njia ya kwanza ina nguvu kuliko nyingine zote, kwa kuwa mwajiri hukata kodi kidogo na mfanyakazi huona tofauti katika mshahara wa mwezi unaofuata, bila mtu wa kati. Udhaifu wake ni kwamba humfikia aliye katika orodha ya mishahara pekee: mwalimu wa Kilolo, muuguzi wa Rungwe, karani wa benki, askari. Mama anayeuza ndizi Uyole na kibarua wa mpunga Usangu hawahusiki. Mchuma chai ambaye mshahara wake hauvuki 270,000 hahusiki pia, kwa kuwa hakatwi PAYE tangu mwanzo, na aliyekwisha kusamehewa hawezi kusamehewa tena.

Inazungukia wapi. Shilingi 4,000 za mwalimu huishia kwenye sabuni, daftari, mchango wa VICOBA na fundi cherehani wa palepale kijijini. Utafiti wa mwanauchumi Owen Zidar, uliotumia takwimu za Marekani za miongo kadhaa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ulionyesha kwamba punguzo la kodi lililoelekezwa kwa asilimia 90 ya chini ya watu kwa kipato liliongeza ajira kwa kiasi kinachoonekana, na lile la asilimia 10 ya juu athari yake ilikuwa ndogo. Marekani ina waajiriwa rasmi wengi kuliko sisi, hivyo matokeo hayo hayawezi kuhamishiwa hapa yote kama yalivyo, ingawa mantiki yake ni ileile.

Pengo. Linabaki Hazina, halmashauri haiguswi moja kwa moja, na ukubwa wake unakadirika mapema kwa sababu idadi ya waajiriwa inajulikana.

Njia ya pili: kodi iliyomo katika bei

Inaanzia kwa nani. Kiwango cha kawaida cha Kodi ya Ongezeko la Thamani, VAT, ni asilimia 18 Tanzania Bara tangu kiliposhushwa kutoka asilimia 20 mwaka 2009. Kodi hii hulipwa na kila anayenunua, awe na ajira au asiwe nayo, na kwa sababu kaya maskini hutumia sehemu kubwa zaidi ya kipato chake katika manunuzi, kodi ya namna hii inaweza kuiumiza kuliko inavyomuumiza tajiri. Tahadhari moja ni ya lazima hapa: mazao ambayo hayajasindikwa tayari hayatozwi VAT, na kaya nyingi za ukanda wetu hula walicholima, hivyo kushushwa kwa kiwango cha jumla kutaonekana kwenye sabuni, mabati na saruji kabla ya kuonekana kwenye sufuria. Tajiri naye, kwa kuwa hununua zaidi, huokoa shilingi nyingi zaidi hata kama ni sehemu ndogo ya kipato chake.

Inafika? Jibu la uaminifu ni kwamba inategemea soko. Mwaka 2018 VAT iliondolewa kwenye taulo za kike, hatua iliyopiganiwa kwa nia njema kabisa, na mwaka 2019 ikarejeshwa baada ya Serikali kueleza kwamba bei dukani haikushuka na nafuu imebaki kwa wafanyabiashara. Somo hilo halina maana kwamba wauzaji wote ni walafi. Bidhaa inaposamehewa VAT, mzalishaji kwa kawaida hawezi kurejeshewa VAT aliyolipa kwenye malighafi, na gharama hiyo hubaki ndani ya bei. Tena shehena iliyonunuliwa kwa kodi ya zamani haishuki bei kwa sababu tu tangazo limetoka. Kinachosaidia ni ushindani. Pale Mwanjelwa, ambako maduka ya jumla yanatazamana, muuzaji asiyeshusha bei hupoteza wateja ndani ya wiki. Katika kata ya mbali ambako mtu mmoja ndiye analeta bidhaa kwa gari lake, hakuna kinachomlazimisha kushusha, na mara nyingi huko ndiko kaya maskini zilipo.

Inazungukia wapi. Ikifika, hurudi madukani mara moja. Isipofika, huongeza faida ya msambazaji, ambayo inaweza kuwa mtaji wa kupanua biashara au inaweza kuondoka mkoani.

Pengo. Ni kubwa. VAT ni miongoni mwa nguzo za mapato ya Serikali, na kila asilimia moja inayopunguzwa huacha shimo ambalo ni vigumu kuliziba. Kenya ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14 mwezi Aprili 2020 wakati wa janga la korona, na kufikia Januari 2021 ilikuwa imeirudisha palepale. Kwa punguzo la muda kama hilo, mwenye duka anakuwa amebadili bei na mashine zake mara mbili ndani ya miezi tisa.

Njia ya tatu: kodi ya makampuni na kipato cha juu

Inaanzia kwa nani. Kampuni Tanzania hutozwa kodi ya asilimia 30 ya faida, na wanaofaidika kwanza na punguzo ni wenye hisa. Wengi wetu tukisikia hivyo huikataa njia hii papo hapo. Naamini inastahili kusikilizwa, hasa katika ukanda wenye chai ya Rungwe na Mufindi, parachichi za Njombe, kahawa ya Mbozi na karatasi ya Mgololo, ambako kiwanda kimoja kinapopanuka wakulima wadogo wanaokizunguka hupata mahali pa kuuzia.

Inafika? Hoja ya watetezi wake ni kwamba kampuni inayobakiza faida kubwa itawekeza, itaajiri na itaongeza mishahara. Ushahidi umegawanyika, na unapaswa kuelezwa bila upendeleo. Marekani ilishusha kodi ya makampuni kutoka asilimia 35 hadi 21 kwa sheria ya mwaka 2017, na watafiti waliofuatilia wamekuta kwamba uwekezaji uliongezeka kweli. Lakini utafiti mwingine wa sheria hiyohiyo ulikuta kwamba ndani ya makampuni yaliyofaidika, mishahara ilipanda kwa asilimia 10 ya juu ya wafanyakazi na kwa waliobaki haikubadilika kwa kiasi cha kuonekana. David Hope na Julian Limberg walichunguza nchi 18 tajiri kwa kipindi cha nusu karne na kukuta kwamba punguzo kubwa la kodi kwa matajiri liliongeza sehemu ya kipato inayokwenda kwa asilimia 1 ya juu, bila kuleta tofauti ya maana katika ukuaji wa uchumi wala ukosefu wa ajira.

Inazungukia wapi. Inategemea faida inabaki au inaondoka. Kampuni inayonunua parachichi Njombe, inayojenga chumba cha ubaridi hukohuko na kulipa vibarua wa hukohuko, huacha fedha nyingi ukandani. Ile yenye shamba tu hapa na wanahisa ng'ambo huacha mishahara na kusafirisha gawio. Ndiyo sababu napendelea nafuu yenye masharti kuliko ya jumla. Sheria yetu tayari ina mfano: kampuni inayojisajili katika Soko la Hisa la Dar es Salaam na kuuza angalau asilimia 30 ya hisa zake kwa umma hutozwa asilimia 25 kwa miaka mitatu. Mwaka 2019 pia, baada ya VAT ya taulo za kike kurejeshwa, wazalishaji wapya wa bidhaa hiyo walipewa kiwango cha asilimia 25 kwa miaka miwili.

Pengo. Jimbo la Kansas nchini Marekani lilipunguza kodi ya mapato mwaka 2012 na kuwasamehe kabisa wamiliki wa biashara ambazo faida yake hutozwa kodi kama kipato cha mwenyewe, si kama faida ya kampuni, kwa ahadi kwamba uchumi ungelipuka. Mapato yaliporomoka, shule na barabara zikabanwa, na mwaka 2017 bunge la jimbo likaifuta sehemu kubwa ya sheria hiyo licha ya kura ya turufu ya gavana. Uingereza, Septemba 2022, tangazo la kupunguza kodi bila kuonyesha chanzo cha fidia liliishusha pauni na kupandisha riba ndani ya siku chache, na Waziri Mkuu Liz Truss akatangaza kujiuzulu mwezi uliofuata. Nchi yenye barabara za kujenga, kama yetu, ina nafasi ndogo zaidi ya kukosea. Mwekezaji mwenyewe, ukimuuliza, mara nyingi atataja umeme usiokatika na barabara inayopitika masika kabla ya kutaja kodi, na vyote viwili hujengwa kwa kodi.

Njia ya nne: ushuru wa mazao na tozo ndogo

Inaanzia kwa nani. Hapa ndipo kodi inapokutana na kaya nyingi za vijijini katika ukanda wetu. Ushuru wa mazao ulikuwa asilimia 5 mpaka mwaka 2017, uliposhushwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na wakati huohuo mkulima anayesafirisha mzigo usiozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine akaondolewa ushuru. Tani moja ni magunia kumi ya kilo mia mia, kiasi ambacho kwa mkulima mdogo wa mahindi wa Mbozi au Kilolo kinaweza kuwa ziada yake yote ya msimu.

Inafika? Kisheria mlipaji ni mnunuzi, lakini mnunuzi hupiga hesabu ya ushuru kabla ya kutaja bei, na mkulima asiye na ghala wala taarifa za soko hana nguvu ya kubishana. Ushuru ukishuka, sehemu ya nafuu humfikia kwa kadiri anavyoweza kusubiri bei. Wanaouza kwa pamoja kupitia ushirika au stakabadhi ghalani huidai nafuu hiyo kwa urahisi zaidi kuliko anayemuuzia dalali shambani kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo. Msamaha wa tani moja nao hufaa tu kama anayesimama kwenye geti la ushuru anaujua na anauheshimu.

Tozo za miamala ya simu ni za kundi hilihili. Zilipoanza Julai 2021 zilikuwa kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, zikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo, na baadaye zikapunguzwa tena. Katika tozo za namna hii punguzo hufika palepale, kwa kuwa mtumiaji huona makato katika ujumbe wa simu yake.

Inazungukia wapi. Hubaki kijijini: mbolea ya msimu ujao, ada, bati la nyumba.

Pengo. Huu ndio upande mgumu wa njia ya nne. Ushuru wa mazao ni mapato ya halmashauri, na kwa halmashauri za vijijini ni chanzo kikubwa. Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na sehemu nyingine huenda kwenye miradi, yakiwemo maboma ya zahanati na madarasa ambayo wananchi wenyewe walianza kuyanyanyua. Kodi ya maendeleo ilipofutwa mwaka 2003, kaya maskini zilipumzika kukimbizwa na mgambo, na hilo lilikuwa jambo la haki. Lakini halmashauri zilipoteza mapato, Serikali Kuu ikalazimika kuleta ruzuku ya fidia, na uamuzi wa mambo mengi ukahamia kwa anayetoa ruzuku.

Kaya ambazo punguzo haliwafikii

Ipo kaya isiyo na mshahara, isiyouza zao la maana na inayonunua kidogo sana. Njia zote nne huipita, kwa sababu punguzo ni kurudishiwa ulichokuwa ukilipa. Kaya hiyo husaidiwa na matumizi ya kodi: ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), zahanati yenye dawa, shule isiyo na ada. Mkulima mdogo naye anaweza kunufaika zaidi kwa njia hiyo. Mpango wa ruzuku ya mbolea uliozinduliwa katika viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, Nanenane ya mwaka 2022, ulimpunguzia mkulima gharama ya mfuko mmoja wa mbolea kwa kiasi ambacho asilimia 2 ya ushuru wa gunia la mahindi haiwezi kukifikia. Kila punguzo linaloombwa lipimwe pia dhidi ya kile ambacho fedha hiyohiyo ingefanya kama ingekusanywa na kutumiwa vizuri.

Uchaguzi kwa kuangalia hali

Ukiwakilisha watumishi na waajiriwa wa kipato cha chini, njia ya kwanza ndiyo yenye uhakika, na ombi liandikwe wazi kuwa ni kupandisha kima kisichotozwa au kushusha ngazi ya chini, ili lisigeuzwe kuwa nafuu ya ngazi ya juu.

Ukiwakilisha wanunuzi wa mjini wenye kipato kisicho rasmi, njia ya pili inafaa kwa bidhaa zenye wauzaji wengi wanaoshindana. Kwa bidhaa ya msambazaji mmoja, ongeza ushindani kwanza.

Ukiwa katika eneo linalotafuta kiwanda cha kusindika parachichi, chai au nyanya za Ilula, njia ya tatu ina nafasi yake, iwapo nafuu ina muda maalumu, imefungwa na ununuzi wa mazao ya hapahapa na ajira zinazohesabika, na iwapo umeme na barabara vimekwisha kuombwa katika barua ileile.

Ukiwakilisha wakulima wanaouza mahindi, mpunga au viazi, njia ya nne huwagusa moja kwa moja, na hugusa zaidi wanaouza kwa pamoja. Ushirika ulio dhaifu uimarishwe sambamba na ombi la punguzo.

Ukiwa diwani ambaye hoja ya kupunguza ushuru imeletwa mezani kwake, omba mweka hazina wa halmashauri aonyeshe ni kiasi gani cha mapato ya ndani kitapungua, mikopo ya vikundi vingapi itaguswa, boma lipi litasimama, na fidia itatoka chanzo gani na kuanzia mwezi gani. Kama majibu hayo hayapo, hoja irudishwe kwenye kamati ya fedha mpaka yapatikane.